Nilivyojua Ulikuwa Chukwani

Mwanangu Nasra,

Salamu utazipata kwa mdomo ukirudi, kwa hivyo hapa sizirefushi. Umekwenda Chukwani kumuaga baba yako na mdogo wako, na umesema utarudi baada ya magharibi. Begi lako lishafungwa, liko ukumbini. Mimi nimekaa kwenye meza ya kulia na daftari la zamani la hoteli ambalo kurasa zake za nyuma hazikuandikwa kitu. Hii ni kalamu ya tatu, mbili za mwanzo zimekataa.

Barua hii nitakupa mkononi kesho asubuhi bandarini, na nakuomba uifungue boti ikishaondoka. Ningependa kusema si kwa sababu naogopa uso wako, lakini ndiyo hasa. Naogopa uso wako.

Mambo ya baridi ya Dodoma, ya maji ya kunywa, ya kufunga mlango wa chumba chako dakhalia kule chuoni, tushayasema wiki nzima mpaka ukanambia, "Mama, basi, nimesikia." Sitayarudia. Nnataka kukwambia jambo moja nililokufanyia ulipokuwa kidato cha tatu. Mpaka leo hulijui, na kwa kuwa hulijui, umemkosea mtu ambaye hakukukosea chochote. Kosa lile si lako. Ni langu, na nimelibeba peke yangu muda wote huu.

Itabidi nianze mbali kidogo. Baba yako alipooa mke wa pili, mji ulijua kabla yangu. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilikuwa nikiingia dukani naona wanawake wananyamaza, nikadhani wananisema kwa sababu ya kufanya kazi hotelini. Aliyekuja kunifungua macho ni mama mmoja muuza mboga. Alinipimia mchicha wangu, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Pole na mwenzio, Bi Zuwena." Nikamuuliza, "Mwenzangu gani?" Alivyoshika mdomo wake ndivyo nilivyojua. Sikulia pale. Nilichukua mchicha wangu, nikarudi nyumbani, nikaupika. Siku ile nikaapa kwamba katika maisha yangu sitakuwa tena mtu wa mwisho kujua mambo ya nyumba yangu.

Nilidai talaka, nikapewa. Nikakukataza kukanyaga kwa baba yako. Wewe ulikuwa mtoto msikivu, hukubisha, na mimi nikadhani kutobisha ni kukubali.

Sasa nakuja kwenye simu. Ulipoingia kidato cha tatu nilikununulia ile simu ya kupangusa, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kabla sijakupa, nilimpelekea fundi wa Darajani, yule kijana mpole ambaye kila mtu wa mtaa wetu anamjua, aitie laini na kava. Alipomaliza akaniuliza, "Nikuwekee na ile ya kumwona mtoto alipo? Wazazi wengi siku hizi wanaweka."

"Bei gani?"

"Bure, Bi Zuwena. Kuiweka ni dakika tano tu. Unayo barua pepe?"

Nikamwambia sina. Akasema haina neno, atafungua yeye. Nikamshukuru. Nilimwona ni mtu wa msaada.

Najua utanifikiria vibaya ukisoma hapa, na unayo haki. Lakini nataka ujue kitu kinachonishangaza mimi mwenyewe. Katika wiki ile ile niliyokwenda Darajani, alikuja mwanamme mmoja pale mapokezi hotelini, kavaa vizuri, anaongea taratibu. Akanionyesha picha ya mwanamke, akasema ni mke wake, kafika kabla yake, anataka kumshtukiza kwa siku yake ya kuzaliwa. Chumba namba ngapi? Mwanamke yule nilikuwa namjua. Alikuwa ghorofa ya pili, na siku mbili alikuwa hajatoka. Nikamwambia mwanamme yule, "Samahani, habari za wageni wetu hatumpi mtu." Akabembeleza, akakasirika, akataka kuonana na meneja. Sikutikisika. Baadaye mwanamke yule alishuka akanishika mikono miwili, mikono yake baridi kama maji ya kisima. Hakusema mengi na mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani siku ile najiona mtu wa maana sana. Kwa mgeni nisiyemjua nilikuwa ukuta. Kwako wewe, mwanangu wa kumzaa, nilikwenda mwenyewe kutoboa ukuta, na sikuona kwamba mambo haya mawili yanahusiana.

Basi ikawa kila nikipata nafasi pale kazini, natoa simu, naangalia ramani. Wewe ulikuwa kidoti cha buluu. Kidoti kiko skuli, mimi moyo umetulia. Kidoti kinakuja nyumbani, natulia zaidi. Nilikuwa nakuuliza, "Umetoka saa ngapi leo?" na jibu ninalo. Ukisema kweli nilifurahi, kama mtu anayesikiliza hadithi anayoijua. Nilijiambia haya ndiyo mapenzi. Na mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini kulikuwa na kitu kingine kimejificha nyuma yake, yule mwanamke mwenye mchicha mkononi.

Kisha zikaja zile Jumamosi. Uliniaga kwamba unakwenda kwa Rahma kusoma. Rahma wako wa Kikwajuni, mliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, aliyekuwa akiingia humu ndani bila kubisha hodi na kufungua jungu kuona kimepikwa nini. Nikaangalia ramani. Kidoti hakikusimama Kikwajuni. Kikapita, kikaenda kusini, kikapita Mbweni, kikasimama Chukwani. Kikakaa saa mbili. Jumamosi ya pili vilevile. Unajua mama akiona hivyo anafikiri nini. Nilifikiri mwanamme. Nilimpa sura, nikampa umri, nikampa mke na watoto.

Jumamosi ya tatu nikaomba ruhusa kazini, nikachukua teksi mpaka Chukwani, simu mkononi kama mtu anayetafuta hazina. Nikashuka nikaenda kwa miguu kwenye vichochoro vya mchanga mpaka kidoti changu na kidoti chako vikagusana. Mbele yangu ilikuwa nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, na kwenye kamba zimeanikwa nepi za mtoto mchanga. Nilishika ukuta wa watu.

Nilipogonga mlango alifungua Bi Mwanaidi, mke wa baba yako. Miaka yote ile tulikuwa hatujawahi kusimama karibu hivi. Akanitazama, akasema, "Karibu, Bi Zuwena. Karibu ndani," kwa sauti ya mtu ambaye alikuwa akingoja siku hii ifike ili apumzike. Nyuma yake nikakuona wewe umekaa mkekani, mdogo wako Sule mapajani, kikombe cha uji mkononi, na uji umekutapakaa kwenye mkono wa gauni. Ulikuwa unacheka, na kicheko kilikuwa bado kiko usoni uliponiona.

Baba yako hakuwepo hata. Alikuwa kazini. Hukuwa ukienda kumwona yeye. Ulikuwa ukienda kulisha mdogo wako uji.

Ningeweza kukaa. Bi Mwanaidi alinikaribisha mara tatu. Ningeweza kukaa kwenye mkeka ule, nikamshika mtoto ambaye hakunifanyia lolote, na mambo yote yangekwisha pale pale. Badala yake nikasema, "Nasra, chukua buibui lako twende," na nikaona ulivyomrudisha mtoto kwa mama yake, taratibu, ukimfuta mdomo kwanza.

Tulipanda teksi, tukaenda mpaka karibu na Mbweni. Kisha ukaniuliza, "Mama, umejuaje?"

Nimelirudia swali lile mara nyingi sana katika kichwa changu, na kila nikilirudia najibu kweli. Siku ile nilijibu, "Nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Wewe unadhani ni nani aliyekuwa anajua?"

Ukageukia dirishani. "Rahma," ukasema. Hukuwa unauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ni neno moja. Dereva alikuwa amefungua redio, kuna mtu anasoma habari za mvua, na mimi nilisikiliza habari za mvua mpaka tukafika kwetu Mkunazini. Nilikuacha uamini kwamba shoga yako wa tangu utoto kakuuza, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kuliko kukuambia kwamba aliyekuwa akikufuata ni mama yako.

Rahma alikuja hapa nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa chumbani, ukasema, "Mwambie sipo," nikamwambia hupo. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alikuja kakushonea kile kimkoba cha vitambaa alichokuahidi, akanipa mimi, akasimama mlangoni akipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Bi Zuwena, nimefanya nini?" Nikamwambia, "Mambo ya watoto haya, mama, yatakwisha." Nikafunga mlango. Kile kimkoba hukukipata. Nilikiweka kabatini chini ya shuka za wageni, na kwa kweli sikujua nifanye nacho nini. Nimekitia katika begi lako, chini ya vitambaa vya kichwa.

Ungedhani baada ya hapo niliiondoa ile programu. Wala. Niliendelea kuangalia miezi kadhaa, kuhakikisha hurudi Chukwani. Na hukurudi. Kidoti kilikuwa skuli, nyumbani, skuli, nyumbani, na Alhamisi maktaba. Wewe mwenyewe ulikuwa umekuwa hivyo hivyo, mtu wa kwenda na kurudi. Rahma hayupo, Sule hayupo. Ulikuwa ukila, unaosha sahani, unaingia chumbani. Kwenye ramani kila kitu kilikuwa sawa.

Siku moja simu yangu ikaanguka ngazini hotelini, kioo kikapasuka. Nikaipeleka kwa yule fundi. Saa nne asubuhi, Darajani imejaa watu, yeye ameinamia simu yangu na bisibisi yake ndogo, akanambia kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa, "Binti hajambo? Naona Chukwani kasita kwenda siku hizi. Na Alhamisi anakaa sana pale maktaba."

Nikamuuliza, "Wewe unajuaje?"

"Si akaunti nilifungua mimi, Bi Zuwena? Nawe ulisema huna barua pepe." Hata hakuinua kichwa. "Nikikaa bure hapa naangalia angalia."

"Nionyeshe."

Akanigeuzia simu yake. Ilikuwa orodha ndefu. Kila jina kalibandika yeye kwa namna yake ya kukumbuka. Mke wa fulani. Mtoto wa mwalimu. Dada yake fulani wa Malindi. Na wewe, mwanangu, uliandikwa "Binti wa Hotelini". Akagusa jina lako, na pale pale kikaja kidoti changu, kile nilichodhani ni changu peke yangu, kimetulia skuli kwako. Akasogeza kwa kidole, zikaja njia zako zote za miezi yote ile, mistari juu ya mistari, kutoka mlango wetu mpaka mlango wa kila mahali ulipokwenda. Njia unayopita ukiwa peke yako. Saa unayopita.

Sitaki umdhanie yule kijana mabaya zaidi ya yaliyokuwepo. Niliuangalia uso wake vizuri siku ile, na sikuona ubaya, niliona mtu ambaye hajawahi kufikiri. Ana mke, ana mtoto wa kike mdogo. Lakini nilifikiri, je, angekuwa mwingine? Au akiiuza simu yake kesho? Au akiiazima kwa rafiki yake mwenye macho mabaya? Mimi ndiye niliyekwenda kumkabidhi mtu nyayo za mwanangu, na nikamshukuru.

"Futa," nikamwambia. Sauti yangu sikuitambua. Watu wawili waligeuka.

Akafuta mbele yangu. Nikamuuliza, "Ndiyo imekwisha?"

Akakuna shingo. "Kwangu mimi nishafuta. Kule kwa wenyewe sijui."

"Wenyewe ni nani?"

"Wenye programu. Sijui ni watu wa wapi. Ni ya bure ile."

Ni ya bure. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilirudia neno hilo. Mimi nimekulia katika biashara, najua hakuna mtu anayekaa ofisini kukufanyia kazi usiku na mchana bure. Mwenye programu alikuwa anapata kitu, na kitu chenyewe ni wewe. Mpaka leo naandika hivi, sijui ile mistari iko wapi, nani anaiona, wala itafutwa lini. Nimeuliza wanaojua, wameniambia labda imefutwa, labda imeuzwa, labda imekaa tu. Hiyo "labda" ndiyo inayoniamsha.

Katika orodha ile kulikuwa na jina la mwanamke mmoja ninayemjua. Jioni yake nilimwendea, nikamwambia ende kwa mtu mwengine amwangalizie simu yake. Hakuniuliza nimejuaje. Alinipa chai.

Na kwako nilisema, "Lete simu, ina virusi, ikasafishwe." Ukanipa bila neno. Baada ya siku mbili tatu nikakwambia ukitaka kwenda Chukwani nenda, na nikakufungia mkate wa mayai umpelekee mdogo wako. Ulinikumbatia pale jikoni mpaka nikapoteza pumzi. Ulidhani moyo wangu umelainika. Ulilainika, ni kweli, lakini kwa aibu kwanza. Leo Sule anaingia humu ananiita Mama Zuwena na anajua biskuti zinawekwa wapi, na kila akiniita najisikia nimepewa kitu ambacho sikukilipia.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia wakati ule. Kila siku nilisema kesho. Kisha ukawa na mitihani. Kisha mkaachana kabisa na Rahma, yeye kahamia skuli nyengine, nikajiambia jeraha lishafunga, ya nini kulichokonoa. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Sasa nisikilize nikwambie kwa nini nimeshindwa kunyamaza. Wiki iliyopita nilikuwa nakuna nazi, ukaja ukasimama mlangoni mwa jiko, ukasema, "Mama, lete simu yako. Nikuwekee ile ya kuonyesha nilipo, usiwe na wasiwasi nikiwa Dodoma." Ulisema kwa mapenzi, kama mtu anayempa mama yake zawadi. Na mimi nikakujibu kwa ukali, "Sitaki!" Ukashtuka. Ukaniuliza nimekasirika nini, nikasema mkono umekwaruzwa na mbuzi ya nazi. Haukukwaruzwa. Niliingia chooni nikafungua maji ili usisikie.

Kwa hivyo jibu langu la kweli ndilo hili. Sitaki, mwanangu, na sikukasirika. Ukitaka nijue ulipo, nipigie unambie. Ukinambia uko maktaba, nitaamini uko maktaba. Ukinidanganya, nitakuwa nimedanganywa kama mama wengine wote duniani, na nitaishi.

Nimefikiri sana nikwambie nini zaidi kuhusu mambo haya ya simu na mitandao, na naona unajua zaidi yangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kutuma picha. Ninachokijua mimi ni kimoja, na nimekijua kwa kukifanya. Aliyefungua mlango wako hakuwa mwizi. Alikuwa mtu anayekupenda, kwa mkono wa mtu mwema, kwa kitu cha bure, kwa dakika tano. Basi huko uendako, atakapokuja mtu unayempenda akakwambia, "Kama huna la kuficha, nipe neno lako la siri," kumbuka kwamba mama yako naye alikuwa anakupenda. Ulikuwa na la kuficha, na lilikuwa jambo zuri kuliko yote yaliyokuwemo nyumbani kwetu mwaka ule. Ulikuwa unamlisha mtoto uji.

Na wewe unakwenda kusoma ukunga. Utakuja kushika siri za wanawake wa watu. Zamani mkunga alizishika kifuani, wewe utaziandika kwenye kompyuta. Pale hotelini wametuletea mashine mpya, mgeni anaweka pasipoti, mashine inampiga picha uso, basi. Nilimuuliza meneja picha zile zinakwenda wapi. Akanambia, "Kwenye mfumo." Nikamuuliza, mfumo ni nani? Akacheka, wenzangu wakacheka. Mimi sikuuliza kuwachekesha. Wewe uliza vilevile, hata wakicheka. Mwanamke atakayelala mbele yako kitandani, anaona haya, anakwambia jambo ambalo mumewe halijui, hataweza kuuliza yeye. Kazi hiyo itakuwa yako.

Limebaki moja. Jana nilikwambia nakwenda kazini. Sikwenda kazini. Nilikwenda Tunguu, pale chuoni, maana nilisikia Rahma anasomea ualimu. Nilimngoja nje ya kantini mpaka darasa likatoka. Kakua, mwanangu, kawa mrefu, na miwani. Aliponiona alisita, kisha akaja.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mama." Na nikaanza kusema pale pale tumesimama, kabla sijaishiwa na moyo. Nilimwambia yote. Simu, kidoti, teksi, swali lako na jibu langu. Wanafunzi walikuwa wanapita na sahani zao. Yeye hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Harusi ya dada yangu hakuja," akasema. "Nilimwekea kiti. Watu wananiuliza, nani anakaa hapa, nasema anakuja." Akawaangalia wanafunzi wanaopita. "Mimi mpaka leo nikipata rafiki sisemi naye kitu, Bi Zuwena. Naogopa kikivuja nitaambiwa ni mimi. Unajua hivyo?"

Nikamwambia sikuwa najua. Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe, na sikumwambia aseme. Akanambia, "Nashukuru umekuja mwenyewe," kwa adabu, kama mwalimu anavyomwambia mzazi.

Kisha akaniomba namba yako mpya. Nasra, ilikuwa mdomoni. Nilikuwa nataka sana kumpa, nilikuwa nimekwenda Tunguu kwa ajili hiyo. Lakini nikamwambia, "Namba ni ya Nasra. Nitamuuliza kwanza." Akaniangalia muda mrefu kidogo, na nadhani hapo ndipo aliponiamini kwa mara ya kwanza siku ile. Akachana karatasi katika daftari lake, akageuka, akaiweka juu ya ukuta mdogo wa kantini, akaandika. Aliandika mistari mingi kuliko namba ya simu. Akaikunja mara nne, akanambia, "Mpe."

Hiyo hapo, nimeibana na pini nyuma ya ukurasa huu. Nimekaa nayo tangu jana. Usiku niliiweka chini ya mto wangu, na leo mchana iko hapa mezani karibu na mkono wangu, na humu ndani nilikuwa peke yangu. Sijui kaandika nini. Sijaifungua.

Nasikia mlango wa chini na sauti yako ukiongea na majirani. Naacha hapa.

Mama yako anayekungojea likizo,
Zuwena